Moto Kwenye Injini ya Gari la Zamani: Mwongozo Kamili wa Kuuzuia na Kuukabili

Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye jua la Tanga au Mombasa, tone moja likidondokea injini yenye joto hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unatambaa, unatuama kwenye mabati na pembe za chini za injini, na hapo cheche moja ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, inatosha.

Gari la kisasa limejengewa kinga nyingi dhidi ya jambo hili: mipira ya mafuta inayostahimili joto, pampu inayojizima ajali ikitokea, fyuzi kwa kila kundi la nyaya. Volkswagen Beetle ya 1967, Peugeot 504, Land Rover Series III, Datsun 1200 au Mini halina karibu lolote kati ya hayo. Lina kabureta, mipira ambayo hakuna ajuaye ilibadilishwa lini, na nyaya zilizopita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na kiungio chake.

Msimamo wangu ni kwamba mipira ya mafuta ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya kromi ya bampa. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo inayookoa magari mengi zaidi. Mwongozo huu unaanza hapo, unapita kwenye umeme, mtungi wa kuzimia moto na mazoea ya gereji, kisha unaeleza la kufanya moto ukishawaka. Beetle nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu ndilo gari la zamani linalopatikana kwa wingi na lina udhaifu wake mahususi. Kuwaka kwake si lazima wala si sifa ya kuzaliwa nayo: gari hilohilo lilishinda Safari Rally mwaka 1954 na tena 1962, kwenye barabara ambazo zingetikisa kila klipu ikalegea.

Kazi ya kwanza: badilisha mipira yote ya mafuta kwa siku moja

Usikague mpira mmojammoja ukabadilisha ule ulioharibika tu. Kama hujui tarehe ya mipira iliyopo, yote imezeeka. Mpira wa petroli huharibika kwa ndani kwanza, na ule uliovikwa kitambaa cha nyuzi juu ndio mdanganyifu zaidi, maana kitambaa kinaficha nyufa mpaka siku unapoanza kuvuja. Ukiukunja kwa vidole ukaona vijistari vya nyufa, au ukiubonyeza ukahisi mgumu kama plastiki, muda wake umekwisha zamani.

Anza hivi. Gari liwe nje, kwenye hewa, injini ikiwa baridi kabisa. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa mpira wowote. Weka mtungi wa kuzimia moto mahali unapoufikia bila kutembea. Kisha fuata njia ya mafuta kwa mkono wako kuanzia kwenye tangi hadi kwenye kabureta, ukiandika kila kipande cha mpira unachokutana nacho. Watu wengi hubadilisha vile vinavyoonekana boneti ikifunguliwa na kusahau vilivyo chini ya gari, vya mlango wa kujazia mafuta, na vile vyembamba vya kupumulia tangi.

Dukani, usikubali mpira wowote mweusi kwa sababu muuzaji amesema ni wa petroli. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni. Mpira wa mafuta wa kiwango huandikwa SAE J30 na daraja lake. R6 na R7 ni za kabureta, R9 ni ya magari yenye injekta, yaani yanayopuliza mafuta bila kabureta, na huvumilia joto na mafuta ya siku hizi vizuri zaidi. Mimi hupendekeza R9 hata kwa gari la kabureta. Kwa mwenye gari aliyeko Uingereza jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya kizamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Kama mpira hauna maandishi yoyote, uache dukani.

Kipimo cha tundu kina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Beetle inataka mpira wenye tundu la milimita 5. Ukiweka wa robo inchi, ambao ni karibu milimita 6.35, utaingia kirahisi na kutoka kirahisi, na klipu itakuwa ndiyo kitu pekee kinachoushikilia. Mpira sahihi husukumwa kwa nguvu kidogo na hubana wenyewe hata kabla ya klipu kuwekwa.

Kuhusu klipu: zile za kawaida zenye matundu ya skrubu hukata mpira mwembamba zikikazwa sana. Tafuta zile za ukanda mzima usio na matundu, zinazotumika kwenye magari ya injekta, na ukaze mpaka mpira ushike, si mpaka ukanda uzame ndani yake. Ukimaliza, rudisha betri, washa injini, kisha pitisha karatasi nyeupe kavu au tishu chini ya kila kiungio. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Rudia zoezi hilo baada ya kuendesha wiki moja, kwa sababu mpira mpya hutulia na klipu inaweza kutaka robo ya mzunguko zaidi.

Baada ya hapo andika tarehe kwa kalamu isiyofutika mahali unapoiona kila ukifungua boneti. Miaka mitano ikipita, badilisha tena hata kama mipira inaonekana mizima.

Beetle: sehemu nne zinazowasha moto

Kumbuka kwamba injini ya Beetle iko nyuma. Sehemu ya kwanza ni nipeli, kijibomba kifupi cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta. Kwenye kabureta nyingi za Solex za Beetle, nipeli hiyo haikufungwa kwa nati; ilipigiliwa tu ndani ya mwili wa kabureta. Miaka ikipita, joto na mtikisiko huilegeza, kisha siku moja inachomoka ikiwa na mpira wake. Pampu inaendelea kusukuma, na petroli inamwagikia distributa na koili zilizo hapohapo jirani. Injini inaweza kuendelea kunguruma kwa sekunde kadhaa kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, na hizo ndizo sekunde mbaya. Shika nipeli kwa koleo ndogo na ujaribu kuizungusha taratibu. Ikicheza hata kidogo, usiendeshe. Dawa ya kudumu ni kumpa fundi mchongaji aitie nyuzi, kisha uweke nipeli ya kukazwa kwa spana. Gundi peke yake si dawa.

Sehemu ya pili ni filta ya petroli ya plastiki kati ya pampu na kabureta. Inapendeza kwa sababu unaona mafuta yakipita, lakini uzito wake ukitikisika ndio huo unaovuta nipeli tuliyoitaja, na plastiki yake hupasuka kwa joto la injini. Iondoe hapo. Weka filta upande wa nyuma chini ya gari, karibu na giaboksi, au mbele chini ya tangi, mbali na injini.

Tatu, kuna bomba la mafuta linalopenya bati la mbele la injini. Tundu lile linapaswa kuwa na mpira wa kuzunguka ukingo. Usipokuwepo, bati hulisaga bomba taratibu mpaka litoboke. Mpira huo ni wa bei ya soda. Hapohapo chini, kando ya giaboksi, kuna kipande cha mpira kinachounganisha bomba la chuma na injini. Kwa kuwa kiko chini kuliko tangi lililo mbele, kikipasuka mafuta yatadondoka hata gari likiwa limezimwa na limeegeshwa. Mwenye Beetle anayelaza gari ndani ya banda lenye jiko au mashine ya kuchomelea afikirie sana kuweka koki ya kufungia mafuta chini ya tangi, na kuifunga kila usiku.

Nne ni betri, nayo iko chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikizeeka hulegea, na abiria mzito akikaa, chuma cha springi kinaweza kugusa nguzo ya betri. Nyasi na manyoya ya kujazia kiti huwaka haraka. Weka mfuniko wa plastiki au mpira mnene juu ya betri, na uifunge betri kwa mkanda wake wa chuma isisogee. Familia nyingi zenye Beetle hupakia watoto nyuma, na kwa ajili yao sehemu hii haifai kuahirishwa hata siku moja.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Beetle ambalo anayezima moto anapaswa kulijua: bloku ya injini yake ni aloi ya magnesiamu. Moto wa petroli ukidumu mpaka bloku ikawaka, utaona mwanga mweupe mkali unaoumiza macho. Maji yakimwagwa hapo yanauchochea, na mtungi mdogo hauwezi kitu. Ukiona mweupe huo, kazi yako ni kuwaweka watu mbali.

Magari yenye kabureta juu ya ekzosi

Mini, Morris Minor na Land Rover Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25 zina mpangilio mmoja wa hatari: manifodi, yaani mabomba yaliyofungwa kwenye injini, ya kuingiza mafuta na ya ekzosi ziko upande uleule, na kabureta limekaa juu. Kabureta likifurika, petroli inashukia chuma kinachounguza.

Kufurika kunatokana mara nyingi na valvu ya sindano iliyokwama kwa uchafu, au boya lililotoboka likazama. Dalili yake ni harufu ya petroli baada ya kuzima gari, injini kukataa kuwaka ikiwa moto, au unyevu kwenye mwili wa kabureta. Fundi atakwambia endesha tu, litajisafisha. Usiendeshe. Fungua kabureta, safisha, badilisha valvu na gasketi, na uhakikishe lile bati la kukinga joto kati ya kabureta na ekzosi lipo. Wengi huliondoa wakati wa matengenezo na kulisahau kwenye kona ya gereji.

Ea klina, yaani kichujio cha hewa, nayo ni kinga. Injini ikikohoa kupitia kabureta, mwali hutoka juu, na ea klina ndiyo inayouzuia usifike kwenye mpira wa mafuta. Kuendesha bila ea klina ili gari lisikike kama la mashindano ni kuondoa kizuizi hicho kwa hiari. Na kama injini inakohoa mara kwa mara, tafuta sababu: taimingi iliyopotoka, mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta, au nyaya za plagi zilizopishana.

Umeme

Kwenye magari mengi ya enzi hizo, waya mnene wa kutoka betri kwenda kwenye stata hauna fyuzi, na mara nyingi hata ule unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo hauna. Ukichubuka na kugusa bodi, hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, na unakatika kwa kuungua.

Kazi ya kufanya ni kufuata kila waya unaopita kwenye tundu la bati na kuhakikisha ukingo una mpira. Kufunga nyaya mbali na ekzosi na mbali na mipira ya petroli. Na kuondoa kila kiungio cha kusokota na kufunga utepe. Mpira wa petroli na waya wa umeme visifungwe pamoja kwa zipu moja, kosa ambalo utalikuta kwenye gereji nyingi kwa sababu inaonekana nadhifu.

Kisha angalia vilivyoongezwa baadaye: redio, king'ora, taa za ukungu, chaji ya simu. Kila kimoja kiwe na fyuzi yake, karibu na betri, si mwisho wa waya. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa unene wa waya. Taa mbili za mbele za wati 60 kila moja, kwenye volti 12, zinavuta ampea 10. Ukibadilisha taa za asili kwa halojeni zenye nguvu zaidi na kuacha swichi na nyaya za zamani, swichi ya kwenye dashibodi itachemka. Weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, nayo ipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Na fyuzi ikikatika mara ya pili, usiongeze ukubwa wake wala kuifunga kwa karatasi ya sigara. Kuna kitu kinaungua mahali fulani.

Nyaya za plagi unaweza kuzikagua usiku. Baada ya kuhakikisha hakuna uvujaji wa mafuta, washa injini gizani boneti ikiwa wazi. Waya uliochakaa utaonyesha vicheche vya bluu. Badilisha seti nzima.

Kitu kimoja cha kuongeza ambacho kinastahili kila shilingi ni swichi ya kukatia umeme wote, inayowekwa kwenye waya hasi wa betri mahali ambapo mkono wa dereva unafika. Magari ya mashindano lazima yawe nayo, na huonyeshwa kwa alama ya pembetatu ya bluu yenye radi nyekundu, ili mwokoaji yeyote aione. Elewa mipaka yake: swichi ya aina rahisi haizimi injini inayozunguka, kwa sababu alteneta inaendelea kuzalisha umeme, na kuikata ghafla injini ikiwa hai kunaweza kuiua alteneta. Ufunguo kwanza, swichi baadaye.

Waliobadilisha pampu ya asili na kuweka ya umeme wana jukumu la ziada. Pampu ya asili husimama injini ikisimama. Ya umeme inaendelea kusukuma gari likiwa limepinduka, alimradi ufunguo umewashwa. Iunganishe kupitia swichi ya mshtuko, ile inayokata umeme wa pampu gari likigonga. Zinapatikana kwenye magari chakavu ya miaka ya 1990.

Oili na mafuta ya breki

Oili haiwaki kirahisi kama petroli, lakini gasketi ya kava ya valvu ikivuja juu ya ekzosi kwa muda mrefu, moshi unaweza kugeuka mwali kwenye mlima mrefu. Mafuta ya breki pia huwaka yakigusa chuma cha moto. Injini chafu iliyolowa oili na vumbi hubeba moto mdogo na kuueneza. Ioshe. Injini safi pia inakuonyesha uvujaji mpya siku ileile unapoanza. Na kitambaa cha kufutia kisisahauliwe juu ya injini.

Mazoea ya gereji yanayochoma watu

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wanaoungua ni vijana wa gereji. Gari lililokaa muda mrefu haliwaki. Fundi anafungua ea klina, anamimina petroli kwenye kabureta kutoka kwenye chupa ya maji, na mwenzake anapiga stata. Injini inakohoa, mwali unapanda, chupa iko mkononi, mkono unatupa chupa, na petroli inamwagikia nguo.

Usiruhusu zoezi hilo kwenye gari lako. Kama pampu haivuti, tatizo ni pampu, filta au mpira ulionyonya hewa, na litatengenezwa kwa njia yake. Kama ni lazima kujaza kabureta lililokauka, tumia bomba la sindano kuweka mililita chache kupitia mpira wa mafuta au tundu la kupumulia bakuli, ondoa chupa mbali, rudisha ea klina, ndipo upige stata.

Ikitokea mwali umewaka ndani ya koo la kabureta wakati stata inazunguka, usiache kuzungusha. Toa mguu kwenye mafuta na uendelee kupiga stata. Injini itaunyonya mwali ndani. Ipe sekunde chache tu. Usipozimika, ufunguo uzimwe na mtungi ufanye kazi.

Epuka pia galoni ya petroli kwenye buti, kunyonya mafuta kwa mdomo, na kuchomelea karibu na tangi kwa sababu "halina mafuta": tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lishushwe na kuondolewa kabla ya kuchomelea chochote karibu nalo.

Mtungi: upi, wapi, na unatosha nini

Mtungi wa kilo 1 ni wa chini kabisa. Kilo 2 ndio ninaoupendekeza. Mtungi wa kilo 1 huisha ndani ya sekunde 10 hivi. Jua hilo kabla hujaubonyeza.

Unga mkavu, unaoandikwa ABC, hupiga mwali haraka na unafanya kazi kwenye petroli na umeme. Udhaifu wake ni kwamba haupozi chuma, kwa hiyo moto unaweza kurudi. Povu hufunika petroli na kupoza kidogo, zuri sana kwa mafuta yaliyomwagika. Gesi ya kaboni dayoksaidi haiachi uchafu, lakini nje kwenye upepo hupeperushwa kabla ya kumaliza kazi. Wapo wanaoogopa unga kwa sababu unaharibu kromi na nyaya. Unga huoshwa, gari lililoteketea halioshwi. Kwa barabara zetu chukua unga wa kilo 2, na mwenye uwezo aongeze povu.

Mtungi ukae ndani ya gari kwenye kishikio cha chuma kilichofungwa kwa bolti, mbele ya kiti cha abiria au chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo mtu aliye nje, mlango ukiwa wazi, anaufikia. Kwenye buti hapafai: utatumia sekunde zako zote kutoa mizigo. Angalia mshale wa kipimo uko kwenye kijani. Mtikisiko wa barabara hugandamiza unga chini, kwa hiyo kila mwezi ugeuze kichwa chini na kuutikisa mpaka uhisi unga ukitembea ndani. Mpelekee mtaalamu auhudumie kila mwaka. Na kila anayeendesha gari hilo, na mwenza wake, awe amewahi kushika pini na kujua inavutwa vipi.

Kabla ya kila safari

Fungua boneti na unuse kabla ya kuangalia. Pua hugundua petroli mapema kuliko jicho. Tazama chini ya gari palipolala. Washa injini, subiri dakika moja, angalia tena viungio vya mafuta pampu ikiwa inafanya kazi, maana uvujaji mwingi hauonekani injini ikiwa imezimwa. Ukiegesha porini, epuka nyasi kavu ndefu; ekzosi yenye moto inaziwasha, na moto huo unaanzia chini ambako huoni. Harufu ya petroli ikija katikati ya safari, simama mara moja. Usifike kwanza.

Moto ukiwaka unapoendesha

Dalili ya kwanza inaweza kuwa harufu, injini kukosa nguvu ghafla, au moshi. Kwenye Beetle utauona kwenye kioo cha nyuma, au dereva mwingine atakupigia honi akionyesha kwa mkono. Mwamini.

1. Toka barabarani na usimame. Zima ufunguo, lakini kama gari bado linatembea usiuchomoe. Baadhi ya magari hufunga usukani. Kuzima ufunguo kunasimamisha pampu, na moto unakosa chakula.

2. Kila mtu atoke, watoto kwanza, upande usio na magari. Wapelekwe mita 30 au zaidi, upande ambao upepo unatoka. Simu, mkoba na hati viachwe. Kata swichi ya umeme kama iko njiani mwako.

3. Mtu mmoja apige simu: Tanzania namba ya zimamoto ni 114, Kenya piga 999 au 112. Mwingine asimamishe magari, hasa malori, ambayo nayo hubeba mitungi mikubwa. Piga kelele uombe mitungi kabla wako haujaisha.

4. Amua. Kama ni moshi au mwali mdogo, jaribu. Kama miali imetoka nje ya boneti pande zote, imefika ndani ya gari, au iko karibu na tangi, usijaribu. Jua tangi lako liko wapi: Beetle liko mbele, mbali na injini, Land Rover Series fupi liko chini ya kiti, kwa hiyo usisimame mlangoni.

5. Usifungue boneti kwa upana. Hewa ikiingia ghafla, mwali utakupiga usoni. Vuta kufuli ya kwanza tu, ukiwa pembeni umegeuza uso, kisha pulizia kwenye mwanya, kwenye grili na kwa chini. Kwenye Beetle pulizia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, na kutoka chini ya bampa, kabla ya kugusa mfuniko.

6. Lenga kiini cha moto, pale mafuta yanapotoka. Ukilenga ndimi za juu unapoteza unga. Piga kwa vipindi vifupi, ukifagia kushoto na kulia.

7. Mtungi ukiisha na moto upo, ondoka. Matairi hupasuka, tangi linaweza kufunguka. Hakuna gari, hata lile la urithi wa babu, la kurudiwa.

Wapita njia watakuja na maji na mchanga. Maji juu ya petroli inayowaka huisambaza, yazuieni. Mchanga unafaa kwa mafuta yaliyomwagika chini ya gari, lakini haufiki ndani ya injini.

Moto ukizimika

Usifungue boneti kwa angalau nusu saa, na mtungi mwingine, kama umepatikana, ubaki mkononi. Chuma bado kina joto la kuwasha mvuke upya. Kisha ondoa waya hasi wa betri. Usijaribu kuwasha gari kuona kama bado ni zima; livutwe mpaka gereji.

Usiguse mabaki kwa mikono mitupu. Baadhi ya sili na mipira ya injini, hasa ya aina ya Viton iliyowekwa kwenye matengenezo ya karibuni, ikiungua sana huacha tindikali kali ya haidrofloriki inayopenya ngozi. Gasketi na breki za magari hayo huenda zina asbesto. Vaa glavu nene za mpira na barakoa, usipulize vumbi kwa kompresa.

Piga picha kabla ya kusafisha chochote, kwa ajili ya bima na kwa ajili ya kujua moto ulianzia wapi. Bima ndogo hailipi gari lako mwenyewe. Kwa gari la zamani tafuta bima kubwa yenye thamani mliyokubaliana kwa maandishi, la sivyo utapewa bei ya gari chakavu. Unga wa mtungi uondolewe kwa mashine ya kufyonza ndani ya siku moja au mbili, kisha paoshwe na kukaushwa, kwa sababu ukipata unyevu hula aluminiamu na viungio vya umeme.

Kabla betri haijarudishwa, kila waya uliolainika ubadilishwe hata kama bado unapitisha umeme, na mipira yote ya mafuta iwekwe mipya tena, pamoja na ile iliyokuwa mbali na moto. Mtungi uliotumika, hata kwa sekunde moja, umepoteza shinikizo lake. Upelekwe kujazwa kabla gari halijatoka gereji.